Ile Hela Tuma kwa Namba Hii

Hakuna mwenye simu Tanzania ambaye hajawahi kuupata. "Ile hela tuma kwa namba hii, jina litakuja…" halafu jina la mtu usiyemjua. Tumeutania ujumbe huu mpaka umekuwa msemo wa vijiweni. Mimi nilikuwa hodari wa kuucheka, hadi Ijumaa moja jioni nilipoutii.

Nilikuwa najenga. Asubuhi ile nilikuwa nimeelewana na fundi wa madirisha ya aluminiamu kwamba nitamtumia shilingi 180,000 za kuanzia, akanunue vioo. Mchana ukapita na shughuli zake. Saa kumi na mbili jioni niko kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, simu ikatetema: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, ile nyingine ina deni watakata." Nani asiyeijua habari ya laini yenye deni? Ukikopa kwenye simu, hela ya kwanza kuingia inamezwa. Nikamwonea fundi huruma. Jina lilipotokea lilikuwa la mwanamke. Nikajiambia huyu atakuwa mkewe. Kabla hatujafika Ubungo nilikuwa nimeshaweka namba ya siri. Saa mbili usiku fundi akapiga: "Bosi, vipi, mbona kimya? Vioo ninunue au niache?"

Kinachoniuma mpaka leo si ujanja wa yule tapeli, maana hakuwa nao. Hakunijua, wala hakujua kama najenga. Alituma maneno yaleyale kwa watu wengi, akiwa na hakika kwamba katika wingi ule hatakosekana mwenye fundi, mwenye kodi ya nyumba, au mwenye mtoto chuoni anayesubiri hela ya matumizi. Yaliyobaki niliyajaza mwenyewe. Fundi nilimleta mimi, kiasi nilikijua mimi, na mke nilimwozesha mimi palepale kwenye daladala.

Utapeli wa mtandaoni, hata ule wa mabilioni, unaendeshwa kwa namna hiyohiyo. Wazungumzaji wa Kiingereza wameupa jina linalotamkwa sawasawa na neno lao la uvuvi, fishingi, nalo limekaa mahali pake. Mvuvi wa mshipi hamkimbizi samaki. Anatupa chambo na kusubiri aliye na njaa. Chambo ni ujumbe. Ndoana ni kiungo cha kubonyeza, au namba ya kutumia hela, au swali dogo tu la "hivi umepata tarakimu sita hapo?" Kinachovuliwa ni nywila yako, namba yako ya siri, au hela yenyewe.

Kuingizwa mjini

Tuna usemi wa "kuingizwa mjini" kwa mtu aliyetapeliwa, kana kwamba anayepigwa ni mshamba aliyeshuka basi jana. Usemi ni mtamu lakini umetuharibia, maana kila anayejiona mjanja anaamini habari hii haimhusu, na aliyelizwa anaficha kwa aibu.

Sasa msikilize Troy Hunt, Mwaustralia aliyeanzisha tovuti ya Have I Been Pwned, ile ambayo dunia nzima huitumia kuangalia kama nywila zao zimevuja. Huyu kazi yake ni kufundisha watu usalama wa mtandao. Machi 2025, akiwa London, amechoka kwa safari ndefu ya ndege, alipata barua pepe iliyojifanya imetoka kwa kampuni anayoitumia kuwaandikia wasomaji wake. Ilidai huduma yake imewekewa kizuizi kwa sababu kuna mtu kamlalamikia. Hakutishwa sana, alibanwa kidogo tu, basi. Akafungua kiungo, akaweka nywila, akaweka na ile namba ya uthibitisho ya mara moja. Papo hapo anwani za wasomaji wake zipatazo 16,000 zikawa zimekwisha chotwa.

Facebook na Google nao waliingia mkenge. Kati ya mwaka 2013 na 2015, Mlithuania aitwaye Evaldas Rimasauskas alijifanya kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikiwauzia mitambo kweli, akawapelekea ankara za kughushi, wao wakalipa. Zilikwenda zaidi ya dola milioni 100. Desemba 2019 mahakama ya New York ikamfunga miaka mitano. Ankara ya mtu unayefanya naye biashara na "ile hela" ya fundi wangu ni ujumbe uleule, umevaa suti.

Kwa hiyo usijipime kwa akili au elimu. Jipime kwa hali uliyonayo wakati ule: una haraka, umechoka, unaumwa, una furaha ya kupita kiasi, una hofu, au unasubiri jambo linalofanana na lile lililoandikwa. Tapeli hajui ni lini utakuwa hivyo, ila anajua siku hiyo ipo.

Nani kaanza mazungumzo?

Ukitaka kubeba jambo moja tu kutoka hapa, beba swali hili, kwa sababu lina kazi kuliko orodha zote za tahadhari zinazobandikwa ukutani benki. Kila ujumbe au simu inapokutaka ufanye kitu (utume hela, ubonyeze, uingize nywila, utaje namba), jiulize: mazungumzo haya nani kayaanza? Kama ni wao, kata, kisha waendee kwa mlango unaoujua wewe.

Kwa fundi wangu, mlango niliokuwa naujua ni namba yake iliyokuwamo kwenye simu. Ningempigia ningetumia sekunde thelathini. Kwa benki, mlango wako ni programu uliyoipakua mwenyewe, au namba iliyochapishwa nyuma ya kadi, au tawi. Kwa M-Pesa ya Tanzania ni *150*00#, kwa Airtel Money ni *150*60#. Kwa mitandao ya simu Tanzania huduma kwa wateja ni 100. Kenya, Safaricom wamekuwa wakiwakumbusha wateja kwamba wao hupiga kwa 0722 000 000. Hata hivyo, jina au namba inayoonekana kwenye kioo cha simu inaweza kughushiwa, basi hata ukiiona iliyo sahihi huna hasara ukikata na kupiga mwenyewe. Benki ya kweli haikasiriki ukisema, "Asante, nitapiga mwenyewe." Tapeli ndiye atakayekusihi usikate.

Sisi tuna udhaifu wetu hapa: adabu. Kumkatia mtu simu, tena mtu aliyekuita "mteja wetu mpendwa", tunaona ni utovu wa nidhamu. Mama zetu watasikiliza mpaka mwisho kwa sababu kijana anaongea kwa heshima. Wafundisheni, na ninyi mjifunze, kwamba mtu anayeuliza habari za fedha zako bila kuitwa hana haki ya kuagwa.

Swali hili linaumaliza pia ule ujanja wa "nimekosea kutuma". Unapata ujumbe kwamba umepokea 75,000, dakika mbili baadaye mtu anapiga analia, mgonjwa yuko hospitali, rudisha tafadhali. Ukiutazama vizuri, ule ujumbe haukutoka kwa jina la huduma yenyewe, umetoka kwa namba ya kawaida ya mtu, ila umeandikwa kwa kuiga. Usiamini ujumbe. Piga menyu yako, angalia salio. Na hata ukikuta hela imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige 100 aombe muamala ubatilishwe, nawe ukiulizwa na mtandao utakubali. Mwenye haki yake hatapoteza kitu.

Jina la ukoo la kiungo

Zamani tulifundishwa kuwa ujumbe wa kitapeli unajulikana kwa makosa ya maandishi. Ilikuwa kweli, na mara moja iliokoa fedha nyingi. Mwaka 2016, wezi walioingia kwenye mitambo ya Benki Kuu ya Bangladesh, walioanza kwa kutuma barua pepe za kujifanya wanaomba kazi, waliondoka na dola milioni 81. Dola milioni 20 nyingine zilikwama njiani na kurudishwa, kwa sababu kwenye jina la taasisi ya kupokea waliandika "fandation" badala ya "foundation", na mtu mmoja benki akashtuka. Leo usitegemee hilo. Tapeli mwenye programu ya akili mnemba anaandika Kiswahili fasaha kuliko matangazo mengi ya ofisi ninayoyasoma.

Kisichoweza kughushiwa kwa urahisi ni anwani ya tovuti yenyewe, mradi ujue kuisoma. Chukua hii niliyoitunga:

https://www.benkiyangu.co.tz.thibitisha-akaunti.com/ingia

Jicho linasoma "benkiyangu.co.tz" na kuridhika. Soma hivi badala yake. Ruka ile mikwaju miwili ya mwanzo (//), tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, hapa ule ulio kabla ya neno "ingia". Ukiufikia simama, urudi nyuma kuelekea kushoto. Unakutana na ".com", kisha "thibitisha-akaunti". Huyo ndiye mwenye nyumba. Yote yaliyo kushoto kwake ni majina aliyojipachikia kwa hiari yake.

Fikiria majina yetu. Jina la ukoo liko mwisho. Mtu anaweza kumwita mwanawe Rais, na mwingine akamwita Waziri, na serikali isiwe na habari nao. Anwani za mtandao ni hivyohivyo: mwenye "thibitisha-akaunti.com" anaweza kuzaa watoto akawaita jina la benki yoyote duniani. Jihadhari tu kwamba anwani zetu nyingi zina mwisho wa sehemu mbili, .co.tz, .go.tz, .ac.tz, .co.ke, kwa hiyo hapo rudi hatua moja zaidi. Ukiona .go.tz iko mwisho kabisa kabla ya mkwaju, hiyo imetengewa taasisi za serikali. Ikiwa katikati, haina maana yoyote. Ndiyo maana maombi ya kazi za utumishi wa umma Tanzania yako portal.ajira.go.tz, na ukikuta "ajira-serikalini" yenye mwisho wa .com inayokutaka ulipie fomu 10,000, huna haja ya kusoma zaidi.

Kwenye simu kiungo hukatwa kwa sababu kioo ni kidogo, na ukoo ndio unaofichwa. Bonyeza kiungo bila kuachia, mara nyingi anwani kamili itatokea bila kufunguka. Viungo vilivyofupishwa havionyeshi kitu, na mraba wa nukta wa kuskani kwa kamera nao ni kiungo tu kilichofunikwa uso. Mraba wa tapeli ukibandikwa juu ya ule wa kweli, mgahawani au kwenye maegesho, hutajua. Na ile alama ya kufuli iliyo kando ya anwani? Inasema tu kwamba mazungumzo yako na tovuti hiyo hayasikilizwi njiani. Haisemi unazungumza na nani. Wezi nao wana kufuli, na hawalipii hata senti.

Jambo la mwisho kuhusu viungo: tangazo la kulipiwa linalokaa juu kabisa unapotafuta jina la benki mtandaoni linaweza kuwa la mtu yeyote. Andika anwani mwenyewe, au ihifadhi mara moja na uifungulie hapo kila siku.

Tarakimu sita za kikoba

Mama yangu mdogo yuko Morogoro, na kikoba chao kina wanawake ishirini na wanne na kundi la WhatsApp ambalo halilali. Siku moja mweka hazina wao, Mama Rehema, aliandikiwa na mwanachama mwenzake: "Dada, nimekosea, nimetuma namba fulani kwako, nisomee tafadhali." Kweli ilikuwa imeingia namba ya tarakimu sita. Akamsomea. Kumbe yule mwenzake alikwisha nyang'anywa akaunti saa moja kabla, na tarakimu zile zilikuwa ufunguo wa WhatsApp ya mweka hazina mwenyewe. Dakika ileile akatupwa nje ya akaunti yake, na mtu mwingine akaingia na kuandika kundini: "Habari wapendwa, mchango wa wiki hii tumeni namba hii, ya kawaida ina tatizo."

Wanawake watatu walituma. Wa nne angekuwa mama mdogo. Nilipompigia, baada ya shikamoo na marahaba, nilimuuliza kilichomzuia. Akacheka. "Yule Mama Rehema tangu tumjue hajawahi kuandika. Yeye ni kurekodi sauti tu, tena anahema. Nikasema leo kajua lini kuandika 'wapendwa'?"

Ona kwamba hapa mlango uliotumiwa ulikuwa wa mtu wanayemjua. Namba ni yake, picha ni yake. Swali la nani kaanza bado linafanya kazi, ila mlango wako sasa uwe tofauti na ule ujumbe ulikopitia: aliyekuandikia WhatsApp mpigie simu ya kawaida. Na sauti peke yake haitoshi tena, kwa kuwa akili mnemba inaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na rekodi fupi. Familia yetu tuna neno letu la siri, tena la kipuuzi, jina la mbuzi aliyewahi kutupa taabu kijijini. Mtoto akipiga kwa namba ngeni analia kwamba yuko polisi, anaulizwa mbuzi aliitwa nani.

Kuhusu zile tarakimu: namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe ni ya kuingizwa na wewe, mahali ulipoanzisha wewe. Hakuna mhudumu wa kweli anayeihitaji, awe wa benki, wa mtandao wa simu, wala wa WhatsApp. Sitaki kuweka "isipokuwa" hapa, kwa sababu haipo.

Fanya hili leo, kabla hujamaliza kusoma ukipenda. Fungua WhatsApp, nenda Mipangilio, kisha Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba yako ya siri ya tarakimu sita. Ukishaiweka, hata mtu akizipata zile za ujumbe hataingia. Ukiwa humohumo pitia vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoijua, iondoe. Kuna wanaokuletea kiungo cha "mpigie kura mwanangu kwenye shindano" na katikati ya kupiga kura unaombwa uweke namba fulani kwenye WhatsApp yako. Hapo unamuunganisha mgeni, naye atasoma kila kitu kimyakimya bila wewe kutupwa nje.

Laini na kidole chako

Laini yako ndiyo inayopokea zile namba za uthibitisho, kwa hiyo anayeipata laini amepata funguo. Simu ikipoteza mtandao ghafla mahali ambapo wenzako wote wanao, usingoje hadi kesho. Azima simu, piga 100, uliza kama kuna mtu amesajili laini nyingine kwa namba yako.

Wakati wa kusajili, angalia kidole chako. Kuna mawakala wa barabarani ambao watakuambia alama haijasoma, rudia, rudia tena, kumbe kila ulivyorudia umesajili laini nyingine kwa kitambulisho chako, na laini hiyo ndiyo itakayowaandikia watu "ile hela". Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda dukani kwa mtandao husika waifute. Menyu ya namba hiyohiyo iko Kenya pia.

Usisakinishe programu iliyoletwa kama faili kwenye WhatsApp au Telegram, hasa faili inayoishia na .apk, hata ikiitwa kadi ya mwaliko au fomu ya mkopo. Sababu ni moja tu: ukishairuhusu, inaweza kusoma ujumbe wako wote, ikiwemo namba za uthibitisho, na hapo yote niliyosema juu hayakusaidii kitu.

Kufuli zisizochoka

Wewe utachoka siku moja, kama Troy Hunt alivyochoka. Kwa hiyo yafaa kuwa na vitu visivyochoka.

Kitunza nywila ni kimojawapo, na simu za Android na iPhone zinacho tayari. Watu hukisifu kwa sababu kinakumbuka nywila ndefu kwa niaba yako, lakini sifa yake kubwa kwangu ni kwamba kinatazama anwani ya tovuti herufi kwa herufi, na hakijazi nywila penye anwani isiyolingana. Hakina huruma na fundi. Hunt mwenyewe amesimulia kwamba chake kilikataa kujaza siku ile, naye akajaza kwa mkono. Kikikataa kujaza mahali ulipozoea kijaze, usibishane nacho, funga ukurasa.

Kingine ni funguo za siri za kidijitali, zile ambazo Google na wengine hukupendekezea badala ya nywila, ukafungua kwa kidole au uso. Zinafungwa na tovuti halisi, hivyo tovuti ya kuiga haiwezi kuzitumia hata wewe ukitaka kuipa. Anza na barua pepe, kwani kwa barua pepe yako mtu anaweza kubadilisha nywila za akaunti nyingine zote. Na pale ambapo funguo hizo hazipo, uthibitishaji wa hatua mbili wa aina yoyote ni bora kuliko kukaa wazi.

Ukishapigwa

Usianze kwa kulia wala kumtukana tapeli kwenye simu. Piga 100 au benki yako hapohapo, utoe namba ya muamala. Hela ikiwa bado imo kwenye akaunti ya aliyepokea, inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala, imekwenda. Yangu ilitolewa ndani ya dakika kumi na moja, na mimi nilipiga saa mbili baadaye.

Kama ulichoibiwa ni nywila, ibadilishe kwa kutumia kifaa kingine ikiwezekana, kisha chagua kutoka kwenye vifaa vyote, maana kubadilisha nywila tu kunaweza kumwacha mgeni akiendelea kuketi ndani. Badilisha na kila mahali ulipoitumia nywila hiyohiyo. Kama ni WhatsApp, isajili upya kwa namba yako. Ukiweka tarakimu sita zitakazokujia, mwizi anatoka. Ukikuta ameweka namba yake ya siri ya hatua mbili, itakubidi usubiri siku saba kabla ya kuingia bila hiyo namba, lakini naye atakuwa nje. Wakati huo wapigie watu, ukianzia na wale wanaokupenda sana, kwa sababu ndio watakaotuma hela bila kuuliza. Mweka hazina wa Morogoro aliona haya akanyamaza saa nzima, na katika saa hiyo ndipo michango mitatu ilipokwenda.

Ujumbe wa kitapeli usiufute. Tanzania, utume kwenda 15040, na ukiulizwa namba iliyoutuma, iandike. Kenya, wateja wa Safaricom hupeleka 333. Namba nyingi zimefungwa kwa njia hii. Kisha nenda polisi uchukue RB, hata kama unaamini hela haitarudi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na siku laini iliyosajiliwa kwa kidole chako itakapokutwa kwenye kesi ya mtu mwingine, RB ile itakusemea.

Halafu kaa macho, maana jina lako sasa liko kwenye orodha ya waliowahi kutuma. Wiki mbili baada ya mkasa wa madirisha nilipigiwa na kijana mwenye sauti ya ofisini. Alijua kiasi nilichopoteza, alijua na tarehe. Alisema kitengo chao kimemkamata mhusika, na 180,000 yangu iko tayari kurudishwa, ila kuna ada ya kufungulia jalada, 20,000 tu, ningeweza kuituma sasa hivi kwa namba ambayo angenitajia.

Nilimuuliza jalada lina namba gani. Akaniomba nisubiri kidogo. Nikasikia wenzake wanacheka, kisha akakata yeye.